Nasaba ya Kitabu Maktabani

Mwezi wa Februari 2025 wasomaji wa Marekani waliambiwa jambo la kusikitisha kuhusu maktaba zao: kwamba katika Hoopla, huduma inayoazimisha vitabu kwa simu na kompyuta kwa niaba ya maktaba nyingi za umma za nchi ile, mlikuwamo vitabu ambavyo kwa kila dalili vilitungwa na mashine, vikavikwa majalada ya kupendeza na kupachikwa majina ya waandishi ambao hakuna ajuaye walikozaliwa wala walikosoma, kisha vikapangwa katika orodha moja na vitabu vya watu waliokesha miaka wakiviandika. Habari hiyo ilifichuliwa na 404 Media, chombo kinachoandika habari za teknolojia, na kampuni yenye huduma ile iliahidi kuipepeta orodha yake. Ahadi hiyo ni njema. Hata hivyo linalonishughulisha mimi si idadi ya vitabu vilivyoondolewa wala vilivyosalia, bali ni njia iliyovipitisha hadi vikamfikia msomaji bila ya mkutubi hata mmoja kuvikagua, kwa kuwa njia hiyo ndiyo inayokuja kwetu, nasi tungali na wasaa wa kuamua tuipokee kwa masharti gani.

Kwa desturi maktaba ya umma hununua kitabu baada ya kukichagua. Mkutubi husoma uhakiki, hutazama nani amekiandika na nani amekichapisha, hulinganisha bei yake na fedha iliyotengwa kwa mwaka ule, kisha hukata shauri. Na hata vitabu vya kidijitali, katika huduma kama OverDrive, aghalabu huingia kwa kuchaguliwa vivyo hivyo, kimoja baada ya kingine. Hoopla hufuata utaratibu mwingine. Maktaba humfungulia msomaji ghala zima la kampuni, msomaji hujichukulia apendacho papo hapo, na maktaba hutozwa ada kwa kila kitabu kilichoazimwa. Sitaki kuudhulumu mpango huo, maana una fadhila zake: msomaji hangoji zamu, na maktaba ya mji mdogo, ambayo kwa fedha yake isingeweza kununua hata sehemu ndogo ya vitabu hivyo, hujikuta ghafla ina ghala sawa na la mji mkuu. Lakini katika mpango huo hakuna mtu aliyechagua, na fedha ya umma hulipia kitabu ambacho hakuna mtumishi wa umma aliyekitia machoni. Isisahauliwe kwamba huduma hiyohiyo ililaumiwa mapema mwaka 2022 kwa kuwa na vitabu vinavyokanusha mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi. Na wakati huo ChatGPT, iliyotolewa kwa watu wote mwishoni mwa Novemba mwaka huo, ilikuwa haijatoka, na vitabu vile vilikuwa vya binadamu. Kwa hiyo akili mnemba, ambayo ndugu zetu wa Kenya huiita akili unde, iliukuta mlango umekwisha kuachwa wazi, ikaingia.

Nasema haya kwa sababu wengi wanaozungumza juu ya maktaba na akili mnemba huanza kwa kuuliza kama mashine inaweza kuandika kitabu kizuri, na mjadala huishia hapo, kila mtu akirudi kwake na rai aliyokuja nayo. Mimi naona swali la maktaba ni jingine kabisa. Maktaba haikuundwa ili kutoa tuzo ya ufasaha. Iliundwa ili mtu asiye na fedha za kununua vitabu, wala elimu ya kuvipambanua, apate mahali ambapo mwingine, mwenye ujuzi na mwenye kulipwa kwa kazi hiyo, amekwisha kumchambulia. S. R. Ranganathan, mkutubi wa Madras aliyetoa mwaka 1931 kanuni tano za elimu ya maktaba zinazofundishwa hadi leo, aliweka miongoni mwazo kanuni ya kumwokolea msomaji wakati wake. Na sijui njia kubwa zaidi ya kuupoteza wakati wa msomaji kuliko kumpa kitabu ambacho, akikutana na kosa ndani yake, hana wa kumwuliza.

Tuchukue mfano wa uyoga, maana hapo kosa la kitabu haliishii katika karatasi. Mwezi wa Agosti 2023 chama cha wachunguzi wa uyoga cha New York kiliwatahadharisha watu juu ya vitabu vya kutambulisha uyoga wa porini vilivyokuwa vikiuzwa Amazon, ambavyo vilionekana kuwa vimeandikwa na mashine, kwa hofu kwamba mtu angeweza kuvifuata akala sumu. Mashine haijapata kuushika uyoga, haijaunusa, haijaupasua shina lake kuona ndani ukoje. Yenyewe hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, na maneno ya uyoga wa kuliwa na ya uyoga wa kuua hufuatana kwa namna inayokaribiana sana. Sasa kiweke kitabu cha namna hiyo kando ya kile kiitwacho Tanzanian Mushrooms, kilichotoka mwaka 2003, kazi ya Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi. Hicho ni tunda la uchunguzi wa miaka mingi, uliofanywa kwa kuufuata uyoga katika misitu na kuwasikiliza wanavijiji wanaoujua kwa majina yake, huu unaliwa, huu unadhuru, huu haufai kwa lolote. Akija mtu akadai kwamba wamekosea, majina yao yapo, kazi zao nyingine zipo, na kosa linaweza kufuatwa hadi lilikoanzia. Katika nchi zetu za miombo, ambako mvua zikianza uyoga huuzwa kandokando ya barabara kwa mafungu, tofauti baina ya vitabu hivyo viwili si jambo la kujadiliwa na wasomi peke yao.

Yako pia madhara ya kinyume chake, yaani vitabu vinavyotajwa ilhali havipo. Tarehe 18 Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times lilitoa, katika nyongeza ya toleo lake la Jumapili, orodha ya vitabu 15 vilivyopendekezwa kusomwa wakati wa kiangazi, na katika hivyo 5 tu ndivyo vilivyokuwa vya kweli. Vile 10 vilibuniwa na mashine na kuwekewa majina ya waandishi walio hai: Isabel Allende akapewa riwaya iitwayo Tidewater Dreams, Andy Weir akapewa The Last Algorithm, kila kimoja na maelezo yake mafupi ya kumtia mtu hamu. Nyongeza hiyo ilikuwa imenunuliwa kutoka nje ya chumba cha habari, na mwandishi wake alikiri kwamba alitumia akili mnemba bila ya kuhakiki. Mfikirie msomaji anayefika kwenye meza ya maktaba na kipande cha gazeti mkononi, akitaka riwaya mpya ya Allende. Mkutubi hutafuta katika katalogi yake, asiione. Hutafuta katika katalogi za maktaba nyingine, asiione. Huitafuta kwa mchapishaji wa mwandishi huyo, asiione. Na mwisho humwambia mtu mzima, aliyesoma kwa macho yake katika gazeti la miaka mingi, kwamba kitabu hicho hakijapata kuwapo. Baadhi ya wasomaji huamini. Wengine huondoka na dhana kwamba maktaba imeshindwa kazi au inaficha kitu. Wala hakuna kinachomzuia mtu mwenye tamaa, akiona watu wanakitafuta kitabu kisichokuwapo, kuiamrisha mashine ikiandike usiku huo na kukiuza asubuhi, ili uongo upate mwili na nambari.

Walioona hatari hii wamekimbilia, wengi wao, dawa iliyo karibu, nayo ni mashine nyingine ya kuigundua mashine ya kwanza. Dawa hiyo siiamini, wala sipendi kuiona mikononi mwa wakutubi wetu. OpenAI wenyewe, waundaji wa ChatGPT, walitoa mwezi wa Januari 2023 chombo cha kutambua maandishi ya mashine, ambacho kwa hesabu yao kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi hayo, na kikawasingizia binadamu katika asilimia 9 ya maandishi yao halisi. Mwezi wa Julai mwaka huohuo wakakiondoa kwa sababu ya udhaifu wake. Na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka huo kwamba vyombo vya namna hiyo huwadhania zaidi watu wanaoandika Kiingereza ilhali si lugha yao ya kuzaliwa. Maana yake ni kwamba kijana wa Mbeya au wa Kisumu aliyejifunza Kiingereza darasani, akaandika kitabu chake kwa sentensi nyofu na msamiati wa shule, ndiye atakayekamatwa kwa kosa asilolitenda, ilhali laghai hodari hupita. Kumtuhumu mwandishi kwamba hakuandika alichoandika ni kumvunjia heshima kwa jambo ambalo hawezi kuthibitisha kinyume chake; na chombo kinachokosea kwa kiasi hicho hakistahili kukabidhiwa heshima ya mtu.

Iko njia nyingine, nayo kwetu si ngeni hata kidogo. Elimu iliyofika pwani hii kwa dini ya Kiislamu ilikuja na desturi ya sanad, ambayo ni kulitaja neno pamoja na aliyelipokea, na aliyempokeza, na aliyempokeza huyo, hadi kulifikia chimbuko. Na mwanachuoni akisikia hadithi, kabla ya kuupima uzuri wa maneno yake huuliza kwanza imetoka kwa nani na je, mtu huyo ni mwaminifu. Washairi wa Kiswahili walilelewa katika desturi hiyo. Utenzi wa Tambuka, ulionakiliwa mwaka 1728, una mtungaji anayejulikana hadi leo, Mwengo wa Athumani wa Pate. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858, miaka michache tu kabla ya kufa kwake, hakumwacha msomaji gizani kuhusu ni nani anayesema na kwa ajili ya nani. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, mwandishi wa hati nzuri na mchongaji wa mbao, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi ambazo leo zimo katika maktaba za London na Ujerumani. Kijuma alikuwa mnakili na pia mtungaji, na kazi hizo mbili wakati mwingine hukaribiana katika karatasi zake hata mtu akashindwa kuzitenga upesi. Lakini kwa sababu tunajua kwamba hati hii ni ya mkono wake, na kwamba aliiandika kwa kuombwa na fulani, wataalamu wanaweza kukaa chini wakapambanua lipi alilirithi na lipi ni lake. Hakuna anayemlaumu Kijuma kwa kunakili. Kazi yake ina nasaba, na nasaba ndiyo inayotuwezesha kuitumia.

Hilo ndilo ningependa maktaba zetu zilifanye kuwa kanuni: kwamba kitabu, kiwe kimeandikwa kwa kalamu ya unyoya au kwa programu ya kompyuta, kisiingie katika rafu ya kuazimwa bila ya kuwa na binadamu au taasisi inayojulikana, yenye anwani, inayokubali kukijibia. Jina lililochapwa juu ya jalada halitoshi. Mwezi wa Agosti 2023 Jane Friedman, Mmarekani anayewafundisha waandishi mambo ya uchapishaji, alikuta katika duka la Amazon vitabu vyenye jina lake ambavyo hakuviandika, na ilimlazimu kupiga kelele hadharani hata vikaondolewa. Jina liliibwa kama vile pochi inavyoibwa sokoni. Basi sanad huhakikiwa: mchapishaji ni nani, amechapisha nini kabla ya hiki, mhariri ni nani, mwandishi anapatikana wapi. Haya ndiyo maswali ambayo mkutubi mzuri ameyauliza siku zote, na yanahitaji muda wake na simu yake, wala hayahitaji chombo kipya cha thamani.

Sheria nazo, kila moja kwa njia yake, zimekwisha kuelekea huko. Mahakama ya rufani ya Washington iliamua mwezi wa Machi 2025, katika kesi ya Stephen Thaler aliyetaka mashine yake iandikishwe kuwa mtungaji wa kazi, kwamba hakimiliki ya Marekani humtaka mwandishi awe binadamu. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, ikifuata mfano wa Uingereza, inasema kwamba kazi iliyozalishwa na kompyuta mwandishi wake ni yule mtu aliyefanya maandalizi ya lazima ili kazi hiyo ipatikane. Wanasheria wanaweza kubishana ipi iliyo bora. Mimi kwa shauri hili la maktaba nazipenda zote mbili, kwa maana ya kwanza inakataa kuiita mashine mwandishi, na ya pili inakataa kumwachia binadamu ajifiche nyuma ya mashine. Amazon, kwa upande wao, tangu Septemba 2023 humtaka anayejichapishia vitabu kwao awaambie kama maandishi yake yametungwa na akili mnemba, na wakaweka kikomo cha vitabu vipya 3 kwa mtu mmoja kwa siku. Tazameni kikomo hicho kinavyosema juu ya wingi uliokuwapo! Lakini jibu analolitoa mtu huyo hubaki kwa kampuni, mnunuzi haonyeshwi. Maktaba ya umma haiwezi kuridhika na siri ya namna hiyo, kwa kuwa msomaji wake ndiye aliyeilipia.

Hapa hapana budi kutenga mambo mawili ambayo kwa wengi huonekana kuwa moja. Kuna maktaba inayoazimisha, na kuna hifadhi ya taifa. Sheria za amana ya vitabu, ambazo Tanzania na Kenya tunazo kama nchi nyingine, humtaka mchapishaji awasilishe nakala za kila alichochapisha, si kwa sababu kila kilichochapishwa ni chema, bali ili taifa liwe na kumbukumbu kamili ya maandishi yake, ya hekima na ya upuuzi, ya kweli na ya propaganda. Mtafiti wa mwaka 2090 atakayetaka kujua watu wa zama zetu walidanganywa vipi atahitaji kuuona uongo wenyewe. Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka vitabu vya mashine vichomwe au vikataliwe kila mahali. Hifadhi na ivipokee, ivitie alama, ivitunze. Lakini rafu ya kuazimwa ni jambo jingine, maana mama aingiaye katika maktaba ya mkoa na mwanawe, akamwachia achukue kitabu chochote katika sehemu ya watoto, haamini kwamba anaingia katika kumbukumbu ya mema na mabaya ya zama. Anaamini kwamba mtu amekwisha kupita mbele yake akaondoa visivyofaa. Imani hiyo ni amana, na anayeichanganya na kazi ya hifadhi anamwibia yule mama kitu ambacho hatakijua hadi mtoto atakapokuwa amekwisha kusoma.

Nimesikia hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Kuna mwandishi asiyeona ambaye programu humsomea na kumwandikia. Kuna mwalimu mwenye maarifa mengi ya kilimo cha ndizi ambaye Kiswahili chake cha maandishi kimejaa makosa, na mashine humsaidia kuyanyoosha. Kuna hati za kale zinazosomwa na kompyuta herufi kwa herufi, kazi ambayo mkono wa mtu ungechukua miaka. Je, hawa wote wafungiwe? Hasha. Mwalimu yule anakijibia kitabu chake. Ukimwuliza kwa nini amesema mgomba upandwe kwa nafasi ile, atakupeleka shambani kwake. Nasaba ya kitabu chake imetimia, na msaada alioupata ataueleza kwa sentensi moja katika dibaji bila ya aibu. Chama cha waandishi wa Marekani, Authors Guild, kilianza mwezi wa Januari 2025 kutoa cheti cha kuonyesha kwamba kitabu kimeandikwa na binadamu, na naielewa sababu yake. Ila naona cheti hicho kinajibu nusu tu ya swali, kwa kuwa binadamu naye huandika uongo, na tunachohitaji kujua zaidi ni nani atakayesimama mbele yetu uongo huo utakapobainika.

Wako watakaosema kwamba haya ni matatizo ya mataifa yenye maktaba za kwenye simu, na kwamba sisi, ambao maktaba nyingi za mikoa yetu bado zinalilia viti na taa, tungoje. Mimi naona kinyume chake. Rafu ya Kiingereza ni pana mno. Vikiingia vitabu elfu kumi vya mashine, vya watu bado vitavizidi mara nyingi. Rafu ya Kiswahili ni finyu. Katika masomo mengi, mathalan malezi ya watoto wachanga, kisukari, ufugaji wa samaki, sheria ya ardhi kwa mtu wa kawaida, vitabu vizuri vya Kiswahili vinaweza kuhesabika kwa vidole, na mtu mmoja mwenye kompyuta anaweza kuvizidi idadi kwa juma moja. Yaliwapata watu wa Greenland: kamusi elezo ya Wikipedia kwa lugha yao, inayosemwa na watu wasiofika laki moja, ilijaa makala za tafsiri ya mashine zilizowekwa na watu wasioijua lugha hiyo, hata mwaka 2025 ikaamuliwa ifungwe. Kiswahili kina wasemaji wengi kupita kiasi cha kulinganishwa na hao, lakini wingi wa wasemaji si wingi wa vitabu, na mashine hujifunza kwa vitabu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwezi wa Julai 2024 ulionyesha kwamba mashine ikifunzwa mara kwa mara kwa maandishi ya mashine zilizoitangulia, huzidi kudhoofika, na ya kwanza kupotea ni yale yaliyo nadra. Katika lugha yetu yaliyo nadra ni yapi? Ni misamiati ya mabaharia wa Pemba na Tumbatu, ni majina ya miti ya dawa, ni bahari za ushairi ambazo mafundi wake wanapungua. Rafu ikijaa Kiswahili cha mashine leo, mashine za kesho zitakisoma hicho, na watoto watafundishwa nazo.

Hapo zamani kazi ya kuichunga rafu ya Kiswahili ilikuwa na wenye dhamana yake. Kamati ya lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930 na serikali za kikoloni za Afrika Mashariki, pamoja na kasoro zake zote, na ziko nyingi, ilikuwa ikivisoma vitabu vya shule na kuviidhinisha kabla havijachapishwa. Leo vitabu vya kiada hupata ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na vile vya Kenya hupitiwa na KICD, taasisi ya mitaala ya nchi hiyo. Lakini hadithi za watoto, vitabu vya afya, vya dini, vya biashara ndogondogo, yaani vile hasa ambavyo watu wazima huviazima kwa hiari yao, havina mlinzi wa namna hiyo, wala sipendekezi serikali ivipitie, kwa kuwa anayeidhinisha hadithi leo atakataza shairi kesho. Mlinzi wake awe mkutubi, naye apewe nyenzo.

Nyenzo ya kwanza ni katalogi yenyewe. Katika kila rekodi ya kitabu kuna mahali pa maelezo, ambapo mkutubi huandika kwamba nakala haina kurasa za mwisho, au kwamba chapa ya kwanza ilitoka chini ya jina jingine. Hapo hapo na yaandikwe maneno kama haya: matini yametungwa kwa programu ya akili mnemba, yamehaririwa na fulani, hayakupitiwa na mtaalamu wa somo. Msomaji akiyaona ataamua mwenyewe, naye ana akili ya kuamua. Nyenzo ya pili ni mkataba. Kampuni inayokuja na ghala zima la vitabu vya kidijitali, na zitakuja, kwa kuwa simu zimeenea hata vijijini, iambiwe tangu siku ya kwanza kwamba maktaba itakuwa na haki ya kuondoa kitabu chochote katika sehemu yake, na kwamba haitalipa ada kwa kitabu ambacho mchapishaji wake hajulikani. Mkataba usio na sharti hilo usitiwe saini, hata ukiwa wa msaada. Na maktaba zetu, ambazo zimezoea kupokea vitabu vya hisani kwa makasha, zinajua jinsi ilivyo vigumu kukikataa kitu cha bure.

Nyenzo ya tatu iko tayari mikononi mwetu. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1963 na ambayo Maktaba Kuu yake ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, ndiyo inayotoa nambari za ISBN kwa vitabu vya nchi hii, zikiwamo zile zinazoanza kwa 978-9976 na 978-9987. Na Huduma ya Taifa ya Maktaba ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1965, inatoa za Kenya, zikiwamo zile za 978-9966. Kila mchapishaji anayetaka kitabu chake kiuzwe kwa heshima lazima apite kwao, aombe na kueleza kitabu chake ni nini. Katika maelezo hayo na yaongezwe maswali matatu: je, sehemu yoyote ya matini au ya michoro imetungwa na akili mnemba, na ni ipi, nani aliyeihakiki, na nani, kwa jina na anwani, atakayejibu malalamiko ya msomaji. Majibu yachapwe katika ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, penye nambari na jina la mchapishaji, na yanakiliwe katika katalogi ya taifa. Anayejibu uongo anyimwe nambari nyingine. Na maswali hayo yakiwa mamoja Dar es Salaam na Nairobi, kitabu kilichokwisha kujibiwa upande mmoja hakitahitaji kuulizwa upya kikivuka mpaka wa Namanga.